Bolti ya breki ya pikipiki inapogoma: kinachoishika na namna ya kuifungua bila kuharibu breki

Mtu anapotaka kubadilisha pedi za breki za pikipiki akakuta bolti moja haizunguki, ushauri humjia kutoka kila upande, na mwingi wake hupingana. Mmoja humwambia aimwagie mafuta na kuiacha usiku kucha, mwingine humwambia aichome moto, na wa tatu humwambia achomeke bomba refu kwenye mpini wa spana na kuvuta kwa nguvu zote. Kila mshauri amewahi kuona njia yake ikifaulu, na ndiyo maana ubishi wao hauishi. Kinachosahaulika ni kwamba bolti hazigomi kwa sababu moja: iliyoshikwa na kutu haifunguki kwa njia ile ile ya iliyoshikwa na gundi, na iliyolika kichwa haina shida sawa na iliyokazwa kupita kiasi. Katika breki kuna sharti jingine zito kuliko yote, kwamba dawa itakayoifungua bolti isiharibu pedi, mipira wala mafuta ya breki, kwa sababu bolti ikitoka salama na breki ikabaki na kasoro, kazi yote imekuwa hasara.

Kabla ya kuendelea ni vyema tukubaliane juu ya majina. Hesi ni ile mifereji ya mzunguko iliyochongwa kwenye mwili wa bolti na ndani ya tundu lake. Kalipa ni ule mkono wa metali, mara nyingi alumini, unaoikumbatia diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna pistoni ambazo, zikisukumwa na mafuta ya breki, huzibana pedi kwenye diski. Pedi hushikiliwa na pini, ambayo katika pikipiki nyingi ina hesi na hufunguliwa kwa spana ya aleni, yaani ile ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti. Nipeli ni kile kijibomba kifupi kilicho juu ya kalipa, kinachofunguliwa ili kutoa hewa na mafuta ya zamani. Silinda kuu ni ile iliyo kwenye usukani, pamoja na kikopo cha mafuta ambacho mfuniko wake hufungwa kwa skrubu ndogo. Mpira wa mafuta huungana na kalipa kwa bolti yenye tundu katikati, inayojulikana kama banjo. Sehemu zote hizi hukutana na maji, vumbi na joto kila siku, na nyingi ni chuma kilichopenyezwa ndani ya alumini.

Hata bolti nzima isiyo na kutu hushikwa na nguvu kubwa, nayo ni msuguano. Tunapoikaza, mwili wake hurefuka kidogo sana, na hamu yake ya kurudi katika urefu wake ndiyo inayobana vipande viwili pamoja. Wahandisi hukadiria kwamba karibu nusu ya nguvu ya kukaza humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, takriban asilimia 40 humezwa kwenye hesi, na ni kama asilimia 10 tu inayobaki kuwa mbano wenyewe. Makadirio haya yanaeleza mambo mengi ambayo mafundi huyafanya kwa mazoea. Yanaonyesha kwamba pambano halimo ndani ya tundu peke yake. Sehemu kubwa yake imo pale kichwa kinapokutana na kalipa, mahali ambapo pigo la nyundo hufika kwa urahisi. Yanaonyesha pia kwa nini badiliko dogo la msuguano, liwe ni kutu inayouongeza au mafuta yanayoupunguza, hubadilisha tabia ya bolti kwa kiasi kikubwa.

Sasa tuziangalie sababu zenyewe. Kutu ya kawaida hushika kwa sababu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inapokua kati ya hesi za bolti na za tundu huzisukuma zikabanana. Chuma kikiwa ndani ya alumini huongezeka jambo jingine: metali mbili tofauti zikilowa maji, hasa maji yenye chumvi, hutengeneza mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Zao lake ni unga mweupe mgumu unaojaa katika hesi, na ukiuona pembezoni mwa kichwa cha bolti ujue kwamba ndani hali ni mbaya zaidi. Kuna gundi ya hesi, ambayo viwanda vingi huipaka kwenye bolti za diski ili mtikisiko usizilegeze. Kuna bolti iliyokazwa kupita kipimo na mtu aliyedhani kwamba katika breki kukaza zaidi ni usalama zaidi. Na kuna bolti ambayo haikugoma kabisa, bali imelika kichwa kwa sababu ya spana isiyoikaa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko kutu.

Kwa hiyo matengenezo yaanze na kifaa. Soketi yenye pembe sita huishika bolti kwenye bapa zake zote, ilhali ile yenye pembe 12 hugusa karibu na kona, na kona zikiwa zimechakaa huteleza na kuzimaliza. Kichwa cha aleni kisafishwe kwanza kwa sindano au kipande cha waya, kwa kuwa tope lililokauka ndani yake huizuia spana isifike chini, na spana inayoshika kwa milimita mbili badala ya tano itakitoboa kichwa kiwe duara. Spana ya aleni yenyewe isiwe imechakaa ncha. Skrubu za mfuniko wa kikopo cha mafuta zina mtego wake: katika pikipiki nyingi za Kijapani alama yake ya msalaba ilichongwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, ambacho kinafanana sana na kile cha Phillips lakini hakilingani nacho. Bisibisi ya Phillips hupanda na kutoka nje pindi nguvu inapoongezeka, na skrubu hizo ni laini kiasi kwamba mteleko mmoja au miwili inatosha kuziharibu. Mara nyingi skrubu ya JIS huwa na kidoti kidogo kichwani. Asiyekuwa na bisibisi yake atafute inayozama kabisa bila kuchezacheza, kisha akandamize kwa nguvu nyingi kuliko anayotumia kuzungusha.

Jambo la pili ni mpangilio wa kazi, na hapa wengi hujitafutia taabu. Kalipa ikishatolewa kwenye pikipiki haina kitu cha kuishika, na fundi hulazimika kuibana kwenye jiliwa au kuishika kwa mkono mmoja huku akipambana kwa mkono wa pili. Pini ya pedi na bolti ya banjo zilegezwe kidogo wakati kalipa ingali imefungwa mahali pake, kwa sababu hapo pikipiki nzima ndiyo jiliwa. Banjo ikishalegea irudishwe kwa kubanwa kidogo ili mafuta yasivuje. Nipeli nayo ijaribiwe mapema, kabla hujafungua chochote, ili ikikataa ujue unaingia katika kazi ya aina gani.

Baada ya hapo huja pigo. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kinachotembea, na kutu kavu ni kitu chenye kuvunjika kwa urahisi kikishtuliwa, ijapokuwa hustahimili sana kikivutwa polepole. Ndiyo maana mapigo machache makavu ya nyundo juu ya kichwa cha bolti, kupitia chuma butu kinachokikaa vizuri, hufanya kazi ambayo bomba refu haliwezi kuifanya. Bomba huongeza nguvu ya kusokota peke yake, na bolti yenye kipenyo cha milimita 8 iliyoshikwa kwenye hesi zote hukatika shingo kabla hesi hazijaachia. Kuna pia bisibisi ya kugongwa, ile inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko mfupi huku ikiisukuma ncha ndani ya kichwa. Kwa bolti za diski zenye vichwa vya aleni ni kifaa bora, alimradi gurudumu limelazwa juu ya mbao mbili ili diski isiguse chini na kupinda. Kwa skrubu za kikopo kwenye usukani pigo liwe jepesi, kwa kuwa kikopo ni cha alumini nyembamba au plastiki.

Mafundi wengi husema pia kwamba bolti iliyogoma ikazwe kidogo kwanza kisha ilegezwe. Ushauri huo ni sahihi kwa bolti nzima, kwa sababu lengo ni kuuvunja mshikamano wa kutu, nao huvunjika kwa upande wowote. Ikishasogea hata kiasi cha unywele, irudishwe mbele na nyuma mara nyingi ili unga wa kutu usagike na kupata nafasi. Kwa nipeli ushauri huo haufai. Nipeli ni tupu ndani, kuta zake ni nyembamba, na ncha yake tayari imebanwa kwenye kikalio chake cha mshazari. Kuikaza zaidi ni kuikaribisha ikatike. Itumiwe spana ringi au soketi ya pembe sita, mara nyingi ya milimita 8, baada ya kuigonga taratibu kichwani na pembeni mwake. Wapo wanaopenyeza shina la ncha ya kekee linaloijaza nipeli kabla ya kuizungusha, ili kuta zisijikunje kuelekea ndani, na ni tahadhari yenye mantiki.

Tukija kwenye mafuta ya kupenya kutu, imani iliyoenea ni kwamba mafuta yoyote mepesi yanafaa na kwamba kadiri yanavyomwagwa kwa wingi ndivyo yanavyofanya kazi. Ukweli ni kwamba mafuta hayo hupenya kidogo kidogo kwa kuvutwa na nafasi nyembamba, hivyo matone machache kwenye mzingo wa bolti, yakiachwa kwa saa kadhaa na kufuatiwa na mapigo mepesi yanayoyatikisa yaingie, hushinda mnyunyizo mrefu unaotiririka hadi sakafuni. Kwa bolti ya gundi hayasaidii karibu chochote. Na kwenye breki, mnyunyizo ni hatari halisi. Pedi hunywa mafuta na hazisafishiki kwa uhakika, hivyo pedi iliyolowa ibadilishwe. Mipira iliyo ndani ya kalipa na silinda kuu kwa kawaida ni ya aina inayoitwa EPDM, ambayo hupatana na mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 lakini huvimba na kulegea ikiguswa na mafuta yatokanayo na petroli, yakiwemo mafuta ya injini, dizeli na mengi ya kupenya kutu. Mpira uliovimba unaweza kuikwamisha pistoni au kuacha mafuta yavuje. Kwa hiyo pedi zitoke kwanza inapowezekana, diski ifunikwe, mafuta yawekwe kwa tone na si kwa mnyunyizo, na pasiwekwe hata tone karibu na tundu la nipeli lililo wazi. Ikijulikana kwamba mafuta ya aina hiyo yameingia katika mfumo, kubadilisha mafuta ya breki peke yake hakutoshi. Mipira yote iliyoguswa ibadilishwe.

Wengine hutumia mafuta ya breki yenyewe kama dawa ya kutu, wakidhani kwamba kwa kuwa ni ya breki hayawezi kuidhuru. Ni kweli hayaudhuru mpira, lakini huvua rangi ya pikipiki na huvuta maji kutoka hewani, jambo ambalo ni chakula cha kutu ileile. Yakidondoka juu ya rangi yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Suala la moto ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wengi huichoma bolti wakiamini kwamba chuma kikipata moto hulegea, ilhali bolti iliyopashwa peke yake hunenepa na kubanana zaidi ndani ya tundu lake. Kinachopaswa kupashwa ni kile kinachoizunguka, sawa na mfuniko wa chuma uliogoma kwenye chupa ya kioo: ukimwagiwa maji ya moto hupanuka kuliko kioo na kuachia. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwenye tundu la milimita 10, joto likipanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi, tofauti kati ya tundu na bolti ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kiasi kidogo, lakini kinatosha kuupasua ule unga mgumu uliojaa katikati, hasa kinapofuatwa na pigo. Kwa nati ya chuma juu ya bolti ya chuma, ipashwe nati.

Gundi ya hesi nayo hulainishwa na joto. Ile ya nguvu ya kati, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, huachia kwa spana ya kawaida. Ile ya nguvu kubwa, ambayo kwa kawaida ni nyekundu, huhitaji kupashwa hadi kiasi cha nyuzi 250 na kufunguliwa ingali moto. Kwenye bolti za diski, kipuliza hewa ya moto kikielekezwa mahali pamoja kwa dakika kadhaa kinafaa kuliko mwali wa gesi, kwa sababu gurudumu lina rangi na beringi zenye grisi na mpira ambazo mwali hauzihurumii.

Kwenye kalipa iliyokamilika, yenye mipira na mafuta ndani, mwali wa moto usikaribie kabisa. Mafuta ya DOT 4 yaliyokwisha kuvuta maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155, na mipira huharibika kabla ya wewe kuona dalili yoyote kwa nje. Alumini yenyewe ni mdanganyifu: haigeuki nyekundu kama chuma kinavyofanya kabla ya kuyeyuka, na huanza kupoteza nguvu muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Kalipa ikilazimika kupashwa, ivuliwe pistoni na mipira yote kwanza, na joto liwe la hewa. Jambo la mwisho kuhusu moto linahusu uhai wa fundi mwenyewe: baadhi ya dawa za kunyunyiza za kusafishia breki zina klorini, na mvuke wake ukikutana na mwali au chuma chenye moto mkali hutoa fosjini, gesi yenye sumu kali. Dawa ya kusafishia na moto visikutane katika kazi moja, hata kama chuma kinaonekana kimekauka.

Breki za ngoma zina ugomvi wa aina yake. Mara nyingi kinachogoma si bolti bali mhimili mdogo unaovipanua viatu vya breki, kwa kuwa grisi yake ya zamani imekauka na kuwa kama nta. Kabla ya kuutoa mkono wa breki kwenye mhimili huo, weka alama inayovuka vyote viwili, kwa sababu meno yake huruhusu kurudishwa mahali pengi na ni mahali pamoja tu palipo sahihi. Bolti inayoubana mkono huo itolewe kabisa, isilegezwe tu, kwa kuwa mara nyingi hupita kwenye mfereji wa mhimili na kuuzuia usitoke. Wengi huupiga nyundo mkono ambao bado umefungwa.

Bolti ikikatika, subira ndiyo inayohitajika kuliko wakati wowote. Kipande kikiwa kimechomoza, hushikwa kwa koleo ya kujifunga, na baada ya kichwa kuondoka nusu ya msuguano imekwisha kuondoka pamoja nacho, hivyo mara nyingi hutoka kwa wepesi usiotarajiwa. Hali hii ndiyo inayoziokoa skrubu za kikopo zilizolika: kichwa hutobolewa kwa kekee hadi kidondoke, mfuniko huinuliwa, na shina lililobaki hushikwa na kuzungushwa. Mwanya wowote wa kuingilia kikopo uzibwe kabla ya kutoboa, na vumbi la chuma lifutwe lote kabla ya mfuniko kuinuliwa.

Kipande kikikatikia ndani, wengi hukimbilia kile chuma cha kutolea bolti chenye hesi za kinyume kinachopigiliwa kwenye tundu lililotobolewa. Nashauri kisitegemewe sana. Ikiwa bolti ilikatika kwa kushindwa kuzunguka ilipokuwa na kichwa kizima, chuma chembamba zaidi hakielekei kuizungusha, na kwa kuwa ni kigumu sana hukatikia ndani, na kekee ya kawaida haiwezi tena kukitoboa. Ni salama zaidi kutumia ncha ya kekee inayokata kwa mzunguko wa kushoto, ambayo wakati mwingine hukitoa kipande ikiwa inakitoboa, au kumpelekea mwenye mashine ya kuchongea anayeweza kutoboa katikati kwa usahihi. Hesi za tundu zikiharibika, zinaweza kupachikwa hesi mpya za waya wa chuma, na kwa bolti zinazoishikilia kalipa ni tengenezo la kuaminika likifanywa na fundi stadi. Kwa kikalio cha nipeli kilichochubuka, na kwa nipeli iliyokatikia ndani ya kalipa ya bei nafuu, naona kubadilisha kalipa ni uamuzi bora.

Wakati wa kurudisha, hesi zisafishwe kwa brashi na bolti iliyolika ibadilishwe badala ya kupewa nafasi nyingine. Desturi ya kupaka mafuta kila bolti ili isigome tena ina hatari iliyojificha: msuguano ukipungua, nguvu ileile ya kukaza huivuta bolti zaidi, na bolti inaweza kuvutwa kupita uwezo wake huku spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza, ikionyesha kipimo sahihi. Grisi maalumu ya breki inayostahimili joto ina mahali pake, kwenye mwili laini wa pini ya pedi na, ile ya silikoni, kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Bolti za diski hupakwa gundi mpya ya aina iliyoagizwa. Vipimo vya kukaza vifuatwe kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Kwa kulinganisha tu, nipeli nyingi hukazwa kwa takriban nyutoni mita 6, pini ya pedi kwa kiasi cha 18, na bolti za kalipa za milimita 8 kwa kiasi cha 30, na pengo hilo linaonyesha kwa nini nipeli zinazokazwa kwa mkono wa bolti kubwa hugoma baadaye. Washa za banjo ziwe mpya, na nipeli irudishiwe kofia yake ya mpira, kwa kuwa ni maji yanayoingia kupitia tundu lake yanayoiotesha kutu kutoka ndani.

Kabla pikipiki haijasogea, mkono wa breki ubanwe mara nyingi hadi uwe mgumu, kwa sababu pistoni zilizorudishwa nyuma huacha nafasi tupu na mbano wa kwanza haushiki chochote. Kisha ubanwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja, macho yakiwa kwenye banjo na nipeli. Ukizama polepole au unyevu ukionekana, pikipiki ibaki imesimama hadi chanzo chake kipatikane.